Risala ya Klabu ya Kilimo ya Skuli kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha mbele ya banda letu la majaribio, la kuoteshea mimea chini ya plastiki. Kwetu sehemu kubwa ya ardhi ni uwanda, udongo haba juu ya mawe. Tungule hizi zimeota kwenye udongo wa kuletwa, tuliouchanganya na samadi iliyooza na vumbi la makumbi.

Mheshimiwa, ndani ya banda mvua hainyeshi. Shambani masika huusafisha udongo, chumvi ya maji ya kisima na ya mbolea ikateremka chini. Humu hubaki, maji yakikauka hupanda juu, na ncha za majani huungua. Kwa hivyo vumbi la makumbi tunaliroweka na kulisuuza kwanza, na matuta tunayamwagia maji ya mvua tunayokinga kwa ndoo mpaka yachuruzike chini. Upepo nao haumo, basi kila asubuhi tunatikisa kamba za mitungule ili chavua ianguke. Wakati wa kaskazi tunakunja plastiki za ubavuni na kubakisha wavu, kwani joto likipindukia nyuzi 35 maua hupukutika.

Samadi mbichi hatuitii kabisa. Mahali palipofungwa, gesi yake ya amonia huunguza majani. Udongo unapumua, Mheshimiwa. Darasani tumesoma habari za Biosphere 2 huko Arizona, Marekani, ambako mwaka 1991 watu 8 walijifungia ndani ya jengo la vioo wakilima chakula chao. Vijidudu vya udongo ule uliojaa mboji vilitumia oksijeni kwa wingi, ikashuka kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu 14. Mwanzoni mwa 1993 ikabidi iongezwe kutoka nje. Habari hiyo ilitushughulisha sana, na tangu hapo tunauangalia udongo kama kiumbe.

Haja yetu kubwa ni tangi la maji ya mvua. Paa hili humwaga maji mengi masika na vuli, karibu yote yanapotea, na kisima chetu kina chumvi. Tunaomba pia kipimo cha chumvi ya udongo. Sasa tunapima kwa macho, na jicho huona mmea ukishaumia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.