Kabla Hujatuomba Bei ya Kompyuta 500

Wilaya nyingi za shule hapa Marekani hutuandikia mstari mmoja tu: tunaomba bei ya kompyuta 500 za wanafunzi. Siku hizi hatuanzi na bei. Tunarudisha swali, na wapo wanaokasirika wakilisoma: hizo kompyuta mtazibadilisha mwaka gani, na kwa fedha za fungu lipi?

Swali hilo tumelipata kwa kuchelewa. Kati ya 2020 na 2021 Bunge la Marekani lilipitisha mafungu matatu ya fedha za dharura kwa shule, maarufu kwa jina la ESSER, jumla yake karibu dola bilioni 190. Watoto walikuwa nyumbani, masomo yalihamia kwenye skrini, na kila wilaya ilikuwa inatafuta kompyuta siku ileile. Sisi tuliuza, tena tuliuza sana, na hakuna aliyeuliza habari ya mwaka wa 4 au wa 5. Fungu la mwisho, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilitakiwa liwe limeshafungwa kwenye mikataba kufikia 30 Septemba 2024. Kompyuta za wakati ule sasa zinachoka kwa mkupuo mmoja, betri hazishiki chaji, bawaba zimelegea, na fedha zilizozinunua hazirudi.

Watu hudhani kompyuta ya mwanafunzi hufa kwa kuangushwa. Zipo zinazoangushwa, na mezani kwa mafundi wetu skrini zilizopasuka na kibodi zilizong'olewa herufi hazikauki. Lakini kifaa kizima kabisa kinaweza kustaafishwa na tarehe. Kila modeli ya Chromebook, kompyuta zinazotumia mfumo wa Google, ina siku ambayo masasisho ya usalama hukoma. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuurefusha muda huo hadi miaka 10, habari njema kweli, ila miaka hiyo huhesabiwa tangu familia ya modeli hiyo ilipoingia sokoni. Siku uliyonunua wewe haihusiki. Kwa hiyo ukiona bei imeshuka ghafla, uliza kwanza tarehe ya mwisho ya masasisho. Mara nyingi ndiyo sababu ya punguzo. Upande wa Windows, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11 hata kama zinawaka vizuri.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme wilaya ina wanafunzi 2,000 na imeamua kila kompyuta ihudumu miaka 4. Zikinunuliwa zote mwaka mmoja kwa dola 350 kila moja, bodi ya wilaya italipa dola 700,000, itapumua miaka mitatu, kisha itashtuka tena. Njia tunayoipendekeza ni kununua 500 kila mwaka, dola 175,000, na kuwapa wanafunzi wanaoingia darasa la 6 na la 9 (mwanzo wa ngazi ya kati na wa sekondari ya juu), wakae nazo hadi watakapofika mwisho wa ngazi yao au zitakapotimiza miaka yake. Bodi ikishazoea kuiona dola 175,000 kwenye bajeti kila Julai, haiiogopi tena. Inakuwa kama mafuta ya mabasi.

Hiyo 350 nayo si bei kamili. Ongeza leseni ya kuzisimamia kompyuta kutoka ofisini, waranti inayokubali ajali, mifuko ya kubebea, chaja za ziada (chaja hupotea kuliko kitu chochote, tumeacha kushangaa) na kompyuta za akiba. Sisi tunashauri akiba ya 5 kwa kila 100, maana mwanafunzi ambaye kifaa chake kiko kwa fundi bado ana kipindi saa nne asubuhi. Kuna pia umeme. Tumewahi kupeleka makabati ya kuchajia yenye kompyuta 30 kila moja kwenye jengo la zamani, tukachomeka mawili kwenye chumba kimoja, na taa za ukumbi mzima zikazimika. Mtu wa umeme aje kabla yetu.

Kwenye vyanzo vya fedha ndiko makosa ya gharama kubwa hutokea, kwa kuwa kila fungu lina kazi yake. E-Rate, ruzuku ya kitaifa ya kuzipunguzia shule gharama za intaneti, iliyozaliwa na sheria ya mawasiliano ya 1996, ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Inapunguza gharama kwa asilimia 20 hadi 90, kutegemea kiwango cha umaskini katika wilaya na kama shule ziko vijijini au mjini. Kwa vifaa vya mtandao wa ndani ya majengo kilele ni asilimia 85. Inalipia intaneti inayofika shuleni, nyaya, swichi na vifaa vya wi-fi. Kompyuta ya mwanafunzi hailipii. Ubao wa kugusa ukutani hailipii. Tumepokea simu zaidi ya moja kutoka kwa watu walioahidi bodi zao kinyume chake.

Masharti yake ni makali. Fomu 470 ya kutangaza mahitaji lazima ikae wazi siku 28 kabla ya kumchagua mzabuni, na katika kulinganisha zabuni, bei ndiyo iwe na uzito mkubwa kuliko kigezo kingine chochote. Muuzaji haruhusiwi kuijaza fomu hiyo wala kusaidia kuijaza. Kwa hiyo tukikataa kukuandikia vipimo vya zabuni tunayotaka kuishindania wenyewe, usituone wenye maringo. Tukikubali, unaweza kunyimwa fedha zote. Hata zawadi zina kikomo: dola 20 kwa mara moja na dola 50 kwa mwaka kutoka kwa muuzaji mmoja.

Fedha za Title I, fungu la serikali kuu kwa shule zenye wanafunzi wengi maskini, zinaweza kununua kompyuta za kuwainua wanafunzi walioachwa nyuma, mradi ziongezee kile ambacho wilaya na jimbo wangetoa, zisije zikachukua nafasi yake. Title IV-A, fungu jingine la serikali kuu la kuboresha masomo, ina sharti linalotufurahisha, ingawa linatupunguzia mauzo: katika sehemu inayotengwa kwa teknolojia, isizidi asilimia 15 kwenda kwenye vifaa na miundombinu. Inayobaki ielekezwe kwenye mambo kama kuwafundisha walimu. Aliyeandika kifungu hicho bila shaka aliwahi kuona ubao wa kugusa wa bei mbaya uliogeuzwa mahali pa kubandikia ratiba. Vifaa vya mwanafunzi mwenye ulemavu vina njia yake kupitia IDEA, sheria ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, na vikiwa vimeandikwa kwenye mpango wake binafsi wa masomo, kuvitoa ni wajibu wa kisheria, usivisubirishe mzunguko wa kawaida.

Hatifungani zinazopigiwa kura na wananchi zinafaa sana kwa nyaya, vyumba vya seva na mifumo ya umeme, vitu vinavyodumu. Kununua kompyuta za miaka 4 kwa deni la miaka 20 ni kuwaachia watoto wa darasa la kwanza wazilipie wakiwa wazazi. Baadhi ya majimbo yana kanuni za kuzuia hilo na mengine yanaliruhusu kwa masharti, basi mwanasheria wa wilaya asome kabla karatasi za kura hazijachapishwa.

Kuhusu kalenda, mwaka wa ufadhili wa E-Rate huanza 1 Julai, na dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa na kufungwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Anayetaka wi-fi mpya Agosti aanze mazungumzo vuli iliyotangulia. Na zile oda za Juni za kumalizia bajeti, tunazijua kwa harufu: bidhaa yoyote iliyopo ghalani, modeli tatu tofauti, chaja zisizoingiliana. Tunazijaza kwa shingo upande.

Ukituandikia, tutumie orodha ya vifaa mlivyonavyo: modeli, mwaka wa kununuliwa, fungu lililovilipia na tarehe ya mwisho ya masasisho. Kifaa kilichonunuliwa kwa ruzuku ya serikali kuu kina taratibu zake hata wakati wa kukiondoa, kwa hiyo safu ya fungu usiiruke. Kama orodha haipo, mafundi wetu huja kuhesabu shule kwa shule. Kazi hiyo tunaitoza, hata kwa wateja wa miaka mingi, kwa sababu huduma ya bure kabla ya zabuni inaweza kuhesabiwa kuwa zawadi, na tumeshasema kikomo chake ni dola ngapi.