Malalamiko Kuhusu Seti ya Bushi Iliyofanya Usukani wa Gari Langu Kuwa Mzito na Bubu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA BUSHI ZA POLIYURETHANI ZA REKI YA USUKANI NA MIKONO YA CHINI – OMBI LA KUREJESHEWA FEDHA NA KUSIMAMISHWA KWA MAUZO

Nawaandikia kuhusu seti ya bushi (vipande vinavyokaa kati ya vyuma viwili pale vinapoungana) za poliyurethani (plastiki ngumu yenye mnyumbuko) niliyoinunua kwenu kwa ajili ya gari langu, ambalo ni gari dogo lenye umri wa zaidi ya miaka 20 na usukani usio na pawa. Katalogi yenu inaeleza kwamba seti hiyo huongeza hisia ya usukani na usahihi wa kukata kona, na kwamba huingia moja kwa moja mahali pa bushi za mpira bila kuchonga wala kurekebisha chochote. Baada ya kufungwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi, usukani ulikuwa mzito, haukuwa ukirudi katikati wenyewe baada ya kona, na gari lilianza kuhama upande kila magurudumu ya mbele yalipopita kwenye tuta au shimo dogo. Chanzo cha hayo yote tumekitafuta, tumekiona na tumekipima, nacho kimo ndani ya bidhaa yenyewe.

Nilipoomba kurejeshewa fedha, ofisi yenu ilinijibu kwa ufupi kwamba uzito ninaoulalamikia ndiyo hisia ya kimichezo iliyoahidiwa kwenye katalogi. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika barua ndefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu linaonyesha kwamba kampuni inayouza vipuri vya usukani inachanganya mambo mawili, uzito na hisia, ambayo dereva hapaswi kamwe kuyachanganya.

Nianze na hali ya gari kabla ya seti yenu kufungwa, kwa kuwa jibu lenu lilidokeza pia kwamba huenda tatizo lilikuwapo tangu awali. Tairodi endi (viungo vya mwisho vya fito zinazogeuza magurudumu) na boljointi (viungo vya duara vinavyoshika magurudumu) za pande zote mbili zilikuwa mpya. Bearingi za juu za shokapu zilikuwa zikizunguka kwa ulaini. Matairi ya mbele yalikuwa ya aina moja na yalikuwa yamelika sawasawa, upepo ulikuwa wa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ilikuwa imepimwa. Karatasi yake nimeiambatisha. Kasoro iliyobaki ilikuwa mpira uliozeeka kwenye vishikizo vya reki, yaani fito yenye meno ambayo usukani huisukuma kushoto na kulia ili kugeuza magurudumu. Fundi alipokuwa akitikisa usukani kushoto na kulia, tuliona wazi kwamba kasha la reki linahama kando kwanza, ndipo magurudumu yanapoanza kugeuka. Ulegevu huo ndio niliotaka kuuondoa, na kwa kasoro ya namna hiyo bushi ngumu kuliko mpira ni dawa sahihi. Sina ugomvi na poliyurethani kama malighafi. Ikitengenezwa kwa vipimo vinavyofaa hufanya kazi nzuri kwenye magari ya zamani, na ndiyo sababu nilikuwa tayari kuilipia zaidi ya bei ya mpira wa kawaida.

Sasa niseme kuhusu hisia yenyewe, kwa kuwa ndiyo mliyoniuzia. Gari linapokata kona, tairi hujipinda pale linapogusa barabara, na nguvu ya pembeni inayozalishwa haipiti katikati kabisa ya mguso huo bali nyuma yake kidogo. Pengo hilo, likijumlishwa na lile linalotokana na pembe ya kasta (mwinamo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia), ndilo linalofanya usukani utake kurudi katikati, na ndilo linaloujaza mkono wa dereva kadiri kona inavyokaza. Tairi linapokaribia kikomo cha kushika barabara, pengo la kwanza hupungua mapema, hata kabla nguvu ya pembeni haijafika kileleni, kwa hiyo usukani huanza kuwa mwepesi kabla gari halijaanza kuteleza. Katika gari dogo la zamani lisilo na mfumo wowote wa kielektroniki wa kuzuia utelezi, wepesi huo mdogo ndio onyo analolipata dereva kabla ya mengine yote, hasa barabara inapokuwa na maji. Dereva anayelijua gari lake hulitegemea onyo hilo bila hata kulifikiria: hupunguza mwendo, hulegeza usukani kidogo, na safari inaendelea.

Mabadiliko hayo ya nguvu ni madogo, na msuguano wowote uliopo njiani kati ya tairi na mikono huyafunika. Hapo ndipo tofauti kati ya uzito na hisia inapojitokeza. Usukani unaweza kuwa mzito kwa sababu tairi linashika barabara, na uzito wa namna hiyo hupanda na kushuka kulingana na kona, mwendo na hali ya lami, kwa hiyo unamweleza dereva kitu. Unaweza pia kuwa mzito kwa sababu kuna kitu kimebana, na uzito huo hausemi lolote, kwa kuwa unabaki uleule kwenye barabara kavu na kwenye barabara yenye utelezi. Seti yenu imeniletea uzito wa aina ya pili. Usukani wangu wa awali, pamoja na ulegevu wake wote, ulikuwa ukizungumza; huu ulionyamazishwa na bushi zenu ulikuwa bubu.

Kasoro ya kwanza iko kwenye bushi mbili zinazoshika kasha la reki. Zilipotolewa na kupimwa kwa kalipa ya vernia, unene wa sehemu ya chini, ile inayokaa kati ya kasha na fremu, ulikuwa milimita 9.8 kwa bushi moja na milimita 12.6 kwa nyingine, ilhali kifungashio kinazitaja kuwa jozi ya bushi zinazofanana. Tofauti ya karibu milimita 3 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu anayeiangalia mezani, lakini kwenye usukani ina matokeo mawili mabaya. Tokeo moja ni kwamba kasha la reki hulazimishwa kukaa kwa kupinda kidogo boliti zinapokazwa, na reki iliyomo ndani hukwama katika sehemu ya mwendo wake. Tulilithibitisha hilo gari likiwa juu ya jeki na tairodi zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye magurudumu: boliti za vishikizo zikiwa zimelegezwa, reki ilikwenda mwisho hadi mwisho bila kizuizi, lakini zilipokazwa kwa mkazo uliotajwa na mtengenezaji wa gari, ilikwama karibu na katikati, mahali ambapo usukani hutumika kwa sehemu kubwa ya safari. Zilipolegezwa tena, ikaachia.

Tokeo la pili linahusu kuhama kwa gari kwenye matuta. Mbunifu wa gari hupanga kimo cha reki ili tairodi na mkono wa chini visogee kwa tao zinazokaribiana gurudumu linapopanda na kushuka. Zikipishana sana, gurudumu hujigeuza lenyewe bila dereva kugusa usukani. Bushi zenu zimeinua mwisho mmoja wa reki na kuuacha mwingine chini, kwa hiyo gurudumu la upande mmoja hujigeuza zaidi ya mwenzake, na gari huchepuka kila linapokutana na bonde au tuta. Alaimenti haiwezi kuondoa kasoro hii, kwa sababu hupimwa gari likiwa limetulia kwenye kimo chake cha kawaida. Tulipima tena baada ya kufunga seti yenu, vipimo vikasomeka sawa, na bado gari lilichepuka kama kawaida.

Kasoro nyingine iko kwenye bushi za mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha magurudumu na mwili wa gari), na kwa maoni yangu ndiyo ya hatari zaidi. Bushi ya mpira ya kiwandani imegandishwa kwenye bomba lake la chuma, na mkono unaposogea ni mpira wenyewe unaojinyonga. Bushi ya poliyurethani haifanyi hivyo. Inatakiwa kuzunguka juu ya bomba la chuma lililopakwa grisi, huku boliti ikilibana bomba hilo peke yake. Ili hayo yawezekane, bomba lazima liwe refu kidogo kuliko poliyurethani. Katika seti yenu ni kinyume: bushi zina urefu wa milimita 42.3 na mabomba yake yana milimita 41.4. Boliti inapokazwa, inabana poliyurethani kabla haijalifikia bomba, na mkono unashikwa kama umewekwa kwenye kibano cha fundi seremala. Mkono uliokwisha kutenganishwa na gurudumu unapaswa kushuka wenyewe kwa uzito wake. Wa kwangu ulibaki palepale ulipowekwa, na tulilazimika kuusukuma kwa nguvu ili usogee.

Mkono uliobanwa hivyo hauliruhusu gurudumu kufuata barabara kwa ulaini, na mzigo juu ya tairi hupanda na kushuka kwa mishtuko, jambo ambalo linaharibu kile kidogo cha hisia kilichokuwa kimesalia. Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Poliyurethani inayokandamizwa kwa muda mrefu hulegea polepole na kuwa nyembamba, na boliti inayotegemea mkandamizo wake hupoteza mkazo. Fundi alipokagua boliti hizo baada ya gari kutumika kwa muda mfupi, alikuta mbili kati yake zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa spana bila kutumia nguvu. Boliti hizo ndizo zinazoshikilia mkono wa chini kwenye mwili wa gari. Sihitaji kumweleza mtu anayeuza vipuri vya sasupensheni nini hutokea boliti ya namna hiyo inapotoka barabarani gari likiwa katika mwendo.

Nilipoziondoa bushi zenu na kuweka za mpira mpya wa kawaida, bila kubadilisha kitu kingine chochote, usukani ulirudi kuwa mwepesi katikati, ukaanza kujirudisha wenyewe baada ya kona, na gari likaacha kuchepuka kwenye matuta. Gari ni lilelile, fundi ni yuleyule, matairi ni yaleyale. Kilichobadilika ni bushi.

Kuna suala la maelezo pia. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi moja yenye picha ya gari tofauti na langu, bila kipimo cha mkazo wa boliti na bila kutaja grisi ya kutumia. Grisi yenyewe haikuwemo, ingawa bushi za aina hii zinahitaji grisi maalumu, ambayo kwa kawaida ni yenye asili ya silikoni, ili zisilie na zisikwame. Ugumu wa poliyurethani haukuandikwa popote. Watengenezaji wengi huutaja kwa kipimo cha Shore A (namba ikiwa kubwa, ugumu ni mkubwa), na bushi za magari ya barabarani mara nyingi huwa kati ya 75 na 95. Mnunuzi anahitaji namba hiyo ili ajue anachoweka chini ya gari lake. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hiyo ni siri ya kiwanda. Siwezi kulikubali jibu hilo, kwa sababu kipimo ambacho mtu yeyote mwenye kifaa cha kupimia ugumu anaweza kukisoma kwa dakika moja hakiwezi kuwa siri.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee bei kamili ya seti, pamoja na gharama za kufunga, kufungua na kupima alaimenti, ambazo risiti zake nimeziambatisha. Ofisi yenu ilipendekeza kunipa seti nyingine ya namna hiyohiyo badala ya fedha. Pendekezo hilo silikubali mpaka nione vipimo vya mabomba na unene wa bushi za reki vikiwa vimeandikwa na kuthibitishwa.

Ninachokidai kwa mkazo zaidi, hata kuliko fedha zangu, ni kwamba msimamishe mauzo ya seti zote zenye namba ya toleo iliyo kwenye boksi langu, mzipime zilizobaki ghalani, na muwaarifu wateja mliokwisha kuwauzia kwamba wakague boliti za mikono ya chini haraka iwezekanavyo. Magari ya zamani mara nyingi huendeshwa na watu wasio na uwezo wa kununua jipya, na wanapoamua kutumia akiba yao kwenye kipuri cha ziada, wanafanya hivyo kwa kuamini kwamba kimetengenezwa na mtu aliyelipima gari lao. Wengi wao hawatakuwa na kalipa ya vernia. Wataambiwa kwamba uzito ni hisia, watavumilia, na boliti zitaendelea kulegea.

Nimeambatisha picha za vipimo, karatasi mbili za alaimenti, maelezo ya fundi yaliyotiwa sahihi, na bushi moja ya mkono wa chini pamoja na bomba lake ili idara yenu ya ufundi iipime yenyewe. Zilizobaki ninazo, nami nitazitoa kwa mkaguzi yeyote huru mtakayemteua. Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 kutoka tarehe ya kupokelewa kwa barua hii, likisainiwa na mtu wa idara ya ufundi na si wa mauzo. Nisipolipata, nitawasilisha nyaraka hizi zote kwa mamlaka inayosimamia haki za watumiaji wa bidhaa na kwa ile inayohusika na usalama wa magari.

Wenu mwaminifu,

Mteja mwenye namba ya oda iliyoandikwa kwenye risiti iliyoambatishwa.