Kabla ya seromu, tupimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, mama mmoja wa Bagira aliuliza swali fupi ambalo nadhani wasomaji wengi walilipita bila kusimama: kwa nini anashikwa na kizunguzungu kila anapoinuka, na aende wapi kutibiwa ilhali pesa aliyo nayo ni ya unga tu. Hakuna aliyemjibu. Mimi si daktari. Nilifundisha biolojia katika shule za sekondari za hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hadi nilipostaafu, na ninachokijua juu ya tiba ni kile kinachomfika mtu yeyote mwenye ndugu wagonjwa. Lakini swali hilohilo liliingia nyumbani kwetu mwaka jana na kutumalizia akiba, na kilichoniuma zaidi ya ugonjwa wenyewe ni kwamba tuliuziwa vya ghali kwanza, na cha bei rahisi, ambacho ndicho kilichoponya, tukakipata mwisho kabisa.

Dada yangu mkubwa huuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Alfajiri moja aligeukia upande wa kulia kitandani ili achukue kitenge chake, na nyumba nzima ikaanza kuzunguka. Alishika godoro kwa mikono miwili, akatapika. Haikutimia dakika moja kila kitu kikatulia, lakini alipolalia tena upande ule, ikaanza upya. Tulimpeleka kwenye farmasia ya karibu, ambayo sitaitaja, na kijana aliyekuwa pale hakuuliza ni upande gani wala ni kwa muda gani. Alisema palu, yaani malaria, imempanda kichwani, akamtundikia seromu (dripu ya mshipani) ya kwinini bila kupima hata tone moja la damu. Siku ya pili masikio ya dada yakaanza kuvuma kama nyuki, na kizunguzungu kikazidi. Wanaoijua kwinini hawatashangaa, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe huleta mvumo wa masikio na kizunguzungu. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumelipa ili ugonjwa upate mwenzake. Nakumbusha kwamba tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka, cha tone moja la damu kutoka kidoleni, hutoa jibu baada ya kama robo saa.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kliniki ya mtu binafsi, tukaambiwa kwamba dada lazima afanyiwe skana ya kichwa. Bei tuliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko mtaji wake wote wa sambaza. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akasema afadhali nyumba iendelee kuzunguka. Tulicheka, lakini alikuwa hatanii.

Aliyemponya ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, na alianza kwa swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: «Mama, unasikia nyumba inazunguka, ao unasikia kama unataka kuanguka?» Naomba nikae kidogo juu ya swali hilo, maana lugha yetu hutuponza hapa. Sisi husema tu «nasikia kizunguzungu», na neno hilo moja hubeba mambo matatu au manne yasiyofanana. Yupo anayeona kuta zikizunguka. Yupo anayeona giza machoni anapoinuka, akatafuta mahali pa kushika. Yupo ambaye kichwa chake ni chepesi tu na miguu haina nguvu. Na yupo ambaye kichwa hakina neno akiwa amekaa, ila anapepesuka anapotembea. Wa kwanza mara nyingi ana shida ya sikio. Wa pili na wa tatu watazamwe damu, tansio (shinikizo la damu), maji ya mwili na chakula. Wa nne atazamwe ubongo na mishipa ya fahamu. Mgonjwa anayeingia akisema neno moja tu na kukutana na mhudumu asiyeuliza la pili atapewa dawa ya kubahatisha, hata kama wote wawili wana nia njema.

Kwa dada yangu lilikuwa sikio. Ndani ya sikio, mbali kabisa na mahali pamba inapoweza kufika, kuna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua tumeinama au tumesimama, na kando yake kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, yenye majimaji. Mara nyingine, hasa kwa watu wenye umri, chembe hizo hubanduka na kuingia katika mrija usio wao. Kila mara mtu anapogeuza kichwa, zinasukuma majimaji, na ubongo unadanganywa kwamba mwili mzima unazunguka. Daktari Robert Bárány, mzaliwa wa Vienna aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani, alieleza hali hii mwaka 1921. Naye daktari Mmarekani John Epley alichapisha mwaka 1992 namna ya kuzirudisha chembe mahali pake kwa kugeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua. Muuguzi wetu alifanya hivyo hasa. Alimkalisha dada kitandani, akamgeuzia kichwa upande wa kulia kiasi cha nusu ya njia ya kuelekea begani, akamlaza chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, huku akiyatazama macho yake, ambayo yalikuwa yakichezacheza peke yake. Alingoja yatulie, akakigeuza kichwa upande wa kushoto, akangoja tena, akamlalisha kwa ubavu wa kushoto uso ukielekea chini, kisha akamwinua. Siku chache baadaye alirudia, na ikaisha. Tulilipa pesa ya kuonwa tu. Simshauri msomaji amfanyie mzazi wake hayo kwa kusoma gazeti, kwa sababu mwenye ugonjwa wa shingo anaweza kuumizwa, na lazima kwanza ijulikane ni sikio lipi. Nimeyaeleza ili ijulikane kwamba yapo, na kwamba hayahitaji mashine.

Sasa namrudia mama wa Bagira, ambaye kizunguzungu chake huja anapoinuka. Huyu simpi jibu la dada yangu. Kuna watu wanaosema ni kimo cha mji wetu, kwamba tunaishi juu sana. Bukavu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hakimpi kizunguzungu mtu aliyekizoea. Jambo la kwanza la kutazama ni kama tansio yake inashuka anaposimama. Kupima hilo ni rahisi: mgonjwa alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, sababu imeanza kuonekana. Huenda hanywi maji ya kutosha. Huenda ametoka kuhara. Huenda anameza dawa za tansio na kipimo chake kimezidi, jambo ambalo naliona sana kwa wazee wenzangu, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba kichwa kikisumbua basi tansio imepanda, tukaongeza kidonge kingine, na tunazidi kuanguka. Mwenye kisukari naye akimeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, halafu akakosa chakula hadi jioni, sukari yake itashuka, atatetemeka, atatoka jasho na kuona kizunguzungu. Huyo anahitaji kitu chenye sukari palepale, kisha chakula.

Ila kama ningeruhusiwa kukisia jambo moja tu kwa mama wa mji huu, ningekisia upungufu wa damu. Waangalieni akina mama wanaopandisha mizigo ya Kadutu mgongoni, ngazi baada ya ngazi, wakiwa wamekunywa chai ya rangi tangu asubuhi. Hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu, malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, na sahani ambayo juma zima haikuona nyama wala samaki: kila kimoja hupunguza damu kidogo, na mwisho mtu hachoki tu, bali huona giza. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kwa mjamzito, chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati ya mimba. Muuguzi mzuri huanza kwa kuvuta ukope wa chini na kutazama rangi yake, jambo lisilogharimu hata faranga moja. Vidonge vya chuma na dawa ya minyoo ni kati ya dawa za bei rahisi tulizo nazo, tofauti na chupa nyekundu za kuongeza damu zinazouzwa sokoni kwa maneno matamu.

Jambo jingine ni la nyumbani. Majira ya mvua, watu wengi huingiza mbabula (jiko la makaa) ndani na kufunga mlango na madirisha. Makaa hayo hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Ikiwa nyumba nzima inaamka na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, kisha wote wanapata nafuu wakitoka nje, msiende farmasia: fungueni nyumba, toeni mbabula, na asiyeamka vizuri apelekwe hospitali mbio. Naongeza pia sindano za jentamisini na streptomisini, dawa za kuua bakteria, zinazoweza kuharibu sikio la ndani na zisizopaswa kuchomwa kiholela, na hofu, ambayo katika mkoa wetu haihitaji kuelezwa, maana anayepumua haraka kwa wasiwasi naye huona kizunguzungu cha kweli, si cha kujifanya.

Pamoja na hayo yote, sitaki mtu asome barua hii akabaki nyumbani siku ambayo hakupaswa kubaki. Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kabisa kutembea, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, maumivu ya kifua, kuzimia, au choo cheusi kama lami, hapo hapana kituo cha mtaa wala mjadala wa bei. Ni hospitali saa ileile. Mwanamke aliyekosa siku zake, mwenye maumivu ya tumbo la chini na kizunguzungu, yumo katika kundi hilohilo, kwa sababu mimba inaweza kuwa nje ya mfuko wa uzazi na damu inamwagika ndani.

Nafika kwenye pesa. Nchi yetu imepangwa ili mgonjwa aanzie kituo cha afya cha mtaa wake, kisha, ikibidi, apewe karatasi ya kumpeleka hospitali kuu ya rufaa. Sisi tumeigeuza njia hiyo: tunaanzia farmasia, tunarukia skana, na kituo tunakifikia tukiwa tumekwisha kukopa. Sehemu ya kosa ni yetu. Lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna anayejua bei ya kituo kabla ya kuingia, na mtu anayehofia kuzuiwa hospitalini kwa deni, kama tulivyoona majirani wakizuiwa, huogopa kila mlango wenye msalaba mwekundu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, imetuhakikishia haki ya afya. Ningefurahi kama haki hiyo ingeanza kwa ubao wa bei uliobandikwa mlangoni.

Zipo mutuele za afya, yaani vyama vya kuchangiana gharama za matibabu, ambazo Bukavu inazijua tangu miaka ya 1990, na ambazo nazisifu bila kuficha kasoro yake: mchango hutakiwa kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, ilhali mama wa soko hupata pesa yake kwa siku. Kikundi cha dada yangu kilikubaliana baada ya kisa chake kwamba mzunguko mmoja wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, badala ya kumwendea mtu mmoja, ulipie mutuele za wote pamoja na watoto wao. Walibishana majuma mawili, maana mama aliyekuwa na zamu alikuwa tayari ameahidi mabati, na mwishowe walimpa zamu mbili zinazofuata. Wakuu wa mutuele wangeweza kuwapunguzia ubishi huo kwa kupokea mchango kidogokidogo, hata kila juma.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Tumeni mwandishi Ibanda, Kadutu na Bagira, aandike bei ya vitu vitano tu katika vituo vya afya: kuonwa na muuguzi, kupima tansio, hemoglobini, sukari na malaria, kisha mzichape pamoja na tarehe, ili mama yule ajue abebe kiasi gani. Za kituo cha mtaa wetu nimekwisha kuzinakili kwa ruhusa ya muuguzi mkuu, nanyi mtazikuta katika karatasi ya pili ndani ya bahasha hii.

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu