Mjomba, ile picha sikuitia rangi

Shikamoo Mjomba,

Niliona ulichoandika kwenye grupu la familia chini ya picha yangu ya mianga ya kaskazini (aurora), ile mianga ya rangi inayowaka angani usiku huku karibu na ncha ya dunia: "Kompyuta za siku hizi zinajua kudanganya." Watu wakacheka, mama naye akacheka. Sikujibu siku ile kwa sababu jibu lenyewe refu, na kwa sababu, nikisema kweli, umekosea nusu tu. Naandika hapa hadharani maana si wewe peke yako uliyeniuliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, shule za Oslo zilipofunga kwa likizo ya vuli. Wanorwei likizo hiyo huikimbilia kwenye hytte, kijumba cha mbao huko shamba, na kadiri kinavyokosa starehe ndivyo wanavyokisifu. Sisi tulikodi kimoja nje ya mji wa Alta, kaskazini kabisa mwa Norwei, karibu nyuzi 70 kutoka ikweta. Choo nje, maji ya ndoo, jiko la kuni. Nimekulia Ngamiani, Tanga, nikichota maji, nikaja kulipa pesa nzuri ili nichote maji. Bibi asisikie.

Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mvua. Wa tatu mwanangu alitoka kwenda chooni na tochi yake ya kichwani, akarudi mbio: "Mama, kuna mtu anachoma nini kule?" Nikatoka. Juu ya lile hori la bahari linaloingia katikati ya milima ulikuwa umetanda mkanda wa kijivu, kama moshi wa vifuu asubuhi isiyo na upepo. Kijivu, Mjomba. Kijani sikukiona. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaacha shata, ule mlango wa mwanga, wazi sekunde 8, na kwenye kioo cha nyuma ule moshi ukatokea kijani kama jani changa la mgomba.

Hapo ndipo una nusu yako ya haki: kamera iliona nisichokiona. Lakini haikubuni. Jicho lina chembe zake za mchana zinazotambua rangi na zake za gizani zisizotambua, na mwanga ukiwa hafifu zinabaki kazini hizi za pili. Tena jicho haliwezi kukusanya mwanga sekunde 8 kisha likuonyeshe jumla. Kamera inaweza. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, kwenye chumba chako cha giza cha kusafishia picha, uliponionyesha negativu ya ndani ya msikiti uliyoipiga kwa kuhesabu hadi ishirini, nguzo zote zinaonekana na hakuna taa hata moja iliyowashwa.

Picha zangu thelathini za kwanza ni takataka. Fokasi ya kujiendesha gizani inatapatapa tu, haina pa kushika. Nikazungusha lenzi hadi kwenye ile alama ya nane iliyolala, ya vitu vya mbali kabisa, kama ulivyokuwa ukifanya na kamera yako ya zamani, lakini lenzi za siku hizi zinapitiliza, alama ile si ya kuaminiwa. Mwisho nikatafuta nyota moja kali, nikaikuza kwenye kioo, nikazungusha taratibu mpaka ikawa kama ncha ya sindano, nikaibana lenzi kwa utepe isisogee. Nikainama kuangalia kwa karibu kazi yangu, nikapumua. Pumzi ikaganda kwenye kioo cha lenzi. Miaka yote ile ukitukemea "bana pumzi!" nilidhani ni kwa ajili ya mkono usitikisike.

Nilipomaliza kufuta, mbingu zikafunguka.

Sasa hapa kamera haina la kunifundisha. Mkanda ule ulijikunja, ukachanika, ukawa pazia linalopigwa na upepo, kijani waziwazi kwa macho yangu mwenyewe, na pindo la chini la waridi likikimbia kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine kwa kasi kuliko unavyoweza kugeuza shingo. Kwa sekunde 8 picha ilitoka uji mtupu, mistari yote imechanganyika. Nikashusha hadi sekunde 2 na kupandisha ASA, wepesi wa kamera kunasa mwanga (sisi tunaiita ISO, ni ileile), hadi 3200. Ndiyo ile uliyoiona. Ina rangi kuliko nilivyoona mwanzoni, na haina hata chembe ya ule mwendo. Kama utailaumu, ilaumu kwa hilo.

Kijani ni oksijeni, kilomita mia moja na zaidi kutoka ardhini. Waridi ya chini ni naitrojeni. Jua hutupa chembe za umeme, sumaku ya dunia huzisukumia kwenye maeneo ya ncha, zikiigonga hewa huwaka. Jua likichafukwa sana mianga hushuka kuelekea ikweta: Mei 2024 ilionekana hadi Meksiko. Tanga usisubiri.

Mama mwenye nyumba alikuja kusimama nasi na chupa ya kahawa. Mwanangu akaanza kupiga mluzi kwa furaha, mama yule akamshika bega: haupigiwi mluzi ule mwanga, wazee walisema utashuka ukuchukue. Nikacheka hadi machozi. Kumbe tungebaki Tanga tungeambiwa nyoka, na huku pia usiku ni marufuku!

Ila kilichonifanya nikukumbuke zaidi ni wapiga picha wenzako. Picha ya kwanza ya mianga hii ilipigwa palepale, Bossekop, sasa ni mtaa wa Alta, mwaka 1892, na Mjerumani Martin Brendel. Mwaka 1910 akaja Carl Størmer, profesa wa hesabu, akaweka kamera mahali pawili mbalimbali, zikiunganishwa kwa simu ili zipige kwa wakati mmoja, kisha akakokotoa mianga iko juu kiasi gani. Na huyu Størmer, alipokuwa mwanafunzi, alikuwa na kamera ya siri ndani ya kizibao, lenzi ikichungulia kwenye tundu la kifungo, akitembea mjini Oslo akisalimia watu na kuwapiga bila wao kujua. Ungempa kazi studio siku hiyohiyo.

Ule mkwaruzo mweupe chini kushoto, unaousema ni kosa la mashine, ni tochi ya mjukuu wako. Alikuwa anarudi chooni.

Ukija, usije Juni wala Julai, jua halizami na hutaona kitu. Njoo mwishoni mwa Septemba. Koti lako nimeshanunua, ni refu, linafika magotini. Picha nimeisafishia kwenye karatasi, nitaituma na mgeni anayekuja huko Desemba. Iangalie kwa ile lenzi yako ya kukuzia, halafu andika tena kwenye grupu.