Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Adui

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya filamu,

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zinalipwa kwa kusuasua, na wadaiwa sugu ndio wanaowahi viti vya mbele.

Mkutano uliopita uliamua stelingi, shujaa wa picha, apumzike, mwaka huu tumfuate adui. Kamati ikamchagua mwigizaji wa Kihindi, Amrish Puri. Jina halikuwaambia wengi wenu kitu, mpaka sura yake ilipotokea ukutani na ukumbi mzima ukaitika: "Kumbe Mogambo!", yule adui wa "Mr. India".

Alizaliwa Punjab mwaka 1932. Kaka zake, Chaman na Madan, walimtangulia kwenye filamu, lakini yeye alipokwenda kujaribiwa alikataliwa. Akashika ukarani katika shirika la bima la serikali: mchana mafaili, jioni jukwaani. Filamu zilikuja kumpokea akikaribia miaka 40. Hadi anafariki Mumbai, tarehe 12 Januari 2005, alikuwa amecheza zaidi ya 400. Wale vijana wetu wanaolalamika kwamba umri umewatupa, wamtazame karani huyu.

Usiku wa "Mr. India" (1987) ulijaza kuliko yote. Wazee wa enzi za majumba ya sinema ya Avalon na Empire walibanana na waliomjulia kwenye vibanda umiza vya video, na kila Mogambo aliposema amefurahi, wote walifurahi naye kwa sauti. Wiki iliyofuata tukamwona katika "Indiana Jones and the Temple of Doom" (1984), kanyoa kichwa, anamng'oa mtu moyo mbele ya Indiana Jones. Umeme ukakatika palepale. Kuna waliodhani ni sehemu ya picha.

Ila usiku ninaoukumbuka mimi ni ule wa "Dilwale Dulhania Le Jayenge" (1995). Humo Puri hana jeshi. Ni baba mwenye duka London, mkali, moyo wake umebaki Punjab. Mwishoni anauachia mkono wa binti yake akimbilie treni, na ukumbi uliozoea kumzomea ukanyamaza kimya. Mwanachama mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mabinti watatu, akasimama: "Huyu mnamwonea. Huyu si adui, huyu ni mimi." Mjadala ukaenda hadi mlinzi akaja na funguo. Kwa maoni yangu mwanachama huyo alisema kweli. Puri hakuwahi kuigiza ubaya mtupu. Aliigiza mtu mwenye uhakika kwamba yeye ndiye mwenye haki. Ndiyo maana stelingi akimshinda, ushindi unakuwa na uzito.

Projekta ilitengenezwa mara mbili, na sasa fundi ameanza kutukwepa.

Kwa mwakani, kamati inaomba ridhaa yenu turudi nyumbani, tuanze na mchekeshaji marehemu Amri Athuman, King Majuto wa Tanga. Mwenye kanda zake za zamani azilete kwa katibu, ameandika jina lake juu ya ganda. Zitarudishwa.