Msimamizi wa taifa asipite kimya tarehe 8 Desemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na Wakatoliki wenzangu wa Tabora, hasa makatekista, juu ya sherehe ya tarehe 8 Desemba, ambayo kila mwaka tunaiimba vizuri na bado wengi wetu tunatoka kanisani bila kujua kwamba tumemwadhimisha msimamizi wa nchi yetu, yaani mtakatifu anayeiombea kwa Mungu. Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili ndiye msimamizi wa Tanzania. Katika parokia ninayosali, mwaka jana matangazo ya siku hiyo yaligusa michango ya ujenzi, mazoezi ya kwaya na ndoa zinazotarajiwa, lakini taifa halikutajwa hata katika sala za waamini, ilhali kesho yake ilikuwa Siku ya Uhuru.

Chanzo kimojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba sherehe hii ni ya Kanisa zima. Waireland hawawezi kumsahau Mtakatifu Patrick, kwa kuwa tarehe 17 Machi kwao ni sherehe kubwa wakati sehemu nyingi za dunia humfanyia kumbukumbu ya hiari tu. Sisi siku yetu imemezwa na siku ya wote. Hata hivyo Wareno, ambao msimamizi wao ni huyu huyu, hawakumwacha apotee: mwaka 1646 Mfalme João IV alimtangaza kuwa malkia wa ufalme wake, na tangu hapo wafalme wa Ureno hawakuvaa tena taji kichwani. Mpaka leo tarehe 8 Desemba ni sikukuu ya mapumziko nchini mwao.

Chanzo cha pili ndicho kinachonisumbua zaidi, nacho ni kutoelewa fumbo lenyewe. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na kila nilipouliza maana ya siku hii, jibu lilikuwa lile lile: ni siku Bikira Maria alipochukua mimba ya Yesu. Siwalaumu watoto, maana Injili inayosomwa siku hiyo ni ya malaika Gabrieli kumpasha Maria habari (Luka 1:26-38), ile ile tunayoisikia tarehe 25 Machi, siku ya kukumbuka Yesu alipotungwa mimba, na asiyeelezwa atadhani kwamba jambo linaloadhimishwa ni hilo hilo. Nilikuwa nawaambia wahesabu miezi kwa vidole: kutoka 25 Machi mpaka 25 Desemba ni tisa, na kutoka 8 Desemba mpaka 8 Septemba, siku ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, ni tisa pia. Hapo ndipo walipoona kwamba anayetungwa mimba ni Maria mwenyewe, tumboni mwa mama yake, Mtakatifu Anna. Mafundisho haya yalitangazwa rasmi na Papa Pio IX tarehe 8 Desemba 1854: kwa neema ya Mungu, na kwa kutazamia stahili za Yesu Kristo, Maria alikingwa na dhambi ya asili, ile ambayo sisi wote tunazaliwa nayo kutokana na kosa la Adamu, tangu nukta ya kwanza ya uhai wake.

Wakati mmoja msichana wa darasa la Komunyo ya kwanza alitusaidia sote. Mawingu yalikuwa yametanda, na jirani wa kanisa alikuwa akikimbilia kamba yake ya nguo; yule mtoto akasema kwamba Mama Maria ni kama kanga iliyoanuliwa kabla mvua haijanyesha. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Nguo nyingine zilizobaki nje zitaloa, zitakamuliwa na kuanikwa upya, na mkono utakaozishughulikia ni ule ule ulioianua ile kanga mapema. Naye Maria amekombolewa na Kristo kama sisi, ila yeye ameokolewa kwa kukingwa. Lugha yetu imelisema vizuri neno hilo "mkingiwa", na ni hasara tukilitamka bila kulifikiria.

Parokia zetu nyingi zina groto, yaani pango dogo la kusalia, na sanamu iliyomo, ya Mama mwenye vazi jeupe na mshipi wa buluu, ni ya yule aliyemtokea msichana Bernadette Soubirous kule Lourdes, Ufaransa, na kumwambia tarehe 25 Machi 1858 kwamba yeye ndiye Mkingiwa. Kumbe tunawasha mishumaa mbele ya msimamizi wa taifa mwaka mzima bila kumtambua kwa cheo hicho.

Wapo wanaosema tungemchagua Mwalimu Nyerere, na hapa Tabora, alikofundisha shule ya St. Mary's, kauli hiyo inasikika kwa upendo mkubwa. Nampenda Mwalimu kama wao. Lakini yeye kwa sasa ni Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo tu ya safari ya kutangazwa mtakatifu, na tangu enzi za Papa Urbano VIII, mwaka 1630, msimamizi wa mahali sharti awe mtakatifu aliyekwisha kutangazwa, achaguliwe na wahusika wenyewe, kisha athibitishwe na Roma. Milango haijafungwa: Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mwenye kanisa kuu letu hapa mjini, aliongezwa mwaka 1944 kuwa msimamizi wa pili wa Ufaransa.

Ninaloomba ni dogo. Katika Misa ya tarehe 8 Desemba pawe na ombi moja la wazi kwa ajili ya Tanzania na viongozi wake, na padre au katekista atamke kabla ya Misa kuanza kwamba leo ni siku ya msimamizi wa taifa. Tangazo litolewe Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, maana msimu huo waamini wa vigango vya mbali wako mashambani wanapanda, na habari ya katikati ya wiki huwafikia siku yenyewe ikiwa imekwisha kupita.

Katekista mstaafu,
Ipuli, Tabora.