Kaka wa steshenari Ngamiani, ahsante

Jina lako sikuuliza, na kwa hilo najilaumu. Usiku ule nilipokugongea, kesho yake mchana dirisha la maombi ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kusoma uzamili huko, lilikuwa linafungwa, asubuhi nina kesi, umeme umekatika, kompyuta imezima. Zile saa 2,800 za uzoefu wa kazi wanazotaka sikuwa nimejaza hata moja.

Ulishafunga duka. Ukafungua tena, ukawasha jenereta, ukaniunganishia bando lako, kisha ukakaa na kikokotoo kunihesabia miezi yangu ya uwakili hadi saa saba usiku. Hela ukakataa, hata ya petroli!

Leo nasoma shahada ya uzamili ya sheria Uingereza. Wenye steshenari, mkigongewa usiku, chungulieni kwanza ni nani. Kaka, nikirudi Tanga napitia kwako.